Mshindi Asiyeongea

Mkuu wa upelelezi, Mukhisa, hakumkaribisha kiti, na Inspekta Rosaline Wamboi hakungoja kukaribishwa. Alivuta kilichokuwa karibu, akakaa, faili mapajani.

"Kesho saa tatu Kiplagat anasimama kortini," Mukhisa alisema. "Kesi ya mauaji. Leta hiyo faili."

"Haijaisha."

"Iliisha jana. Ni wewe tu hujaisha."

Wamboi alikuwa na miaka ishirini na miwili kazini, na jambo moja lililokuwa limemshinda kujifunza ni kunyamaza mbele ya mkubwa mvivu. Mukhisa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mvivu tu, ingawa ukiwa ndani ya seli huoni tofauti.

Mambo yenyewe yalikuwa machache. Jumapili, saa kumi alasiri, kijana aitwaye Ngari alizungumza na mama yake kwa simu akiwa nyumbani kwake, nje kidogo ya mji wa Kitale. Saa kumi na nusu Kiplagat, mpeleka maziwa, alimkuta sakafuni, kichwa kimepasuliwa kwa chuma. Kompyuta yake ilikuwa imetoweka na hakuna kingine kilichoguswa. Kiplagat alimbeba mgongoni hadi barabarani huku akiita watu. Ngari alifariki Jumatatu bila kufumbua macho, na shati la Kiplagat, lililolowa damu, likawa ndilo kesi.

"Niambie kitu kimoja," Wamboi alisema. "Mtu ana baiskeli na mitungi miwili ya maziwa. Kompyuta aliiweka wapi?"

"Atatuambia."

"Amewaambia mara sita kwamba hajui."

"Na wewe uko na nini? Uko na Festus Wanyonyi. Dereva wa kanta, ile lori ndogo, anakaa Bungoma, mwendo wa saa moja na nusu. Walitusiana na marehemu kwa gemu ya kompyuta, wakatishiana. Sawa. Lakini Jumapili, saa tisa mpaka saa kumi na moja, huyo Festus alikuwa kwake Bungoma anashindana na watu kumi kwa hiyo hiyo gemu. Wote walimwona. Simu yake haikutoka Bungoma. Na alishinda, Rosaline. Nimwambie hakimu nini? Ati alishinda mbio akiwa kwa barabara ya Kitale?"

Wamboi alifunga faili. "Nipe leo."

"Leo chukua. Lakini kesho saa mbili hiyo faili iko kwa hii meza, upende usipende."

Nje, Rispah, mke wa Kiplagat, alikuwa ameketi kwenye benchi kwa siku ya tatu, mtoto mgongoni. Wamboi alimsalimia. Rispah hakuitikia salamu.

"Nyinyi ndio mnasemanga mtu asipite mwenzake kama ameanguka," alisema. "Si angepita tu. Saa hii angekuwa anakamua."

 Wamboi alimwambia Koplo Kiarie awashe gari.

Ngige alikuwa na duka la kutengeneza simu na kompyuta karibu na stendi ya Kitale, na nyuma ya pazia la duka hilo ndiko alikoendeshea ligi. Alipowaona polisi wakiingia alikunja uso kama mtu aliyeona mvua na nguo zake bado ziko kwenye kamba.

"Madam, mimi nilishaandikisha. Mara mbili."

"Hii ni ya tatu. Funga mlango."

"Hii ni duka. Watu wanakuja."

"Watarudi. Ngari hatarudi. Funga."

Alifunga kwa hasira, akakaa.

Wamboi alishaelezwa habari za ligi hiyo hadi zikamtoka masikioni. Marafiki kumi na wawili wa Kitale, Bungoma na Webuye, kila mmoja kwake na usukani wake na pedali zake, walikutana kwenye kompyuta kila Jumapili saa tisa baada ya kanisa. Waliendesha magari mazito ya Kimarekani kwenye uwanja wa mviringo, kona zote za kushoto, mizunguko mia na ishirini. Mtu asiyejua angesema ni mchezo wa mtoto, ni kukunja kushoto tu. Lakini tairi ziliisha, mafuta yaliisha, na ukimgusa mwenzako nyuma kidogo tu alikwenda ukutani na akina fulani watatu wakamfuata. Ngari alifungiwa wiki moja kwa sababu alimsukuma Festus ukutani mzunguko wa mwisho. Ndiyo maana Jumapili hiyo hakushindana. Na mshindi wa msimu angepelekwa Afrika Kusini kujaribu gari halisi. Festus ndiye aliyekuwa akiongoza.

"Jumamosi saa moja jioni Ngari alikupigia," Wamboi alisema. Alitoa karatasi ya kampuni ya simu, akaiweka juu ya kibodi. "Mkaongea dakika sita. Dakika mbili baadaye wewe ukampigia Festus. Katika hizo taarifa zako mbili, hilo sikulisoma."

Ngige aliitazama karatasi kama imemtukana. "Ni mambo ya ligi."

"Ngari alitaka nini?"

"Mafaili."

"Mafaili gani?"

"Madam, hii ligi tumeijenga miaka mitatu. Watu walitucheka. Sasa ndio tumepata mtu wa kutupeleka nje, na nyinyi mnakuja hapa..."

"Kiplagat unamjua?"

"Nani?"

"Ndiye atakayeozea ndani kwa ajili ya hii ligi yako. Mafaili gani?"

Ngige alipangusa uso kwa kiganja. Kisha alieleza, akitema neno moja moja. Kulikuwa na sheria kwamba kila dereva, mbio zikiisha, hutuma faili linaloonyesha alivyoendesha, ili watu wakilaumiana ukweli upatikane. Ngari aliomba ya mbio nne, zile nne ambazo Festus alikuwa ameshinda. Ngige alimpa. Halafu akamwambia Festus.

"Kwa nini ulimwambia?"

"Ili wapatane. Niliona wataharibu msimu."

 Wamboi alitamani kumzaba kofi, na ilikuwa vyema Kiarie alikuwa mlangoni. "Nifungulie hayo manne," alisema, "na la mbio ambazo Festus alishindwa."

Kwenye kioo cha kompyuta ilitokea mistari miwili. Wa kijani ulikuwa wa pedali ya mafuta, mwekundu wa breki. Katika mbio ambazo Festus alikuwa wa sita, mistari ilipokezana: kijani kinashuka hadi chini kabisa, pengo dogo, ndipo chekundu kinapanda. Kona baada ya kona, pengo lile lile.

"Hilo pengo ni nini?"

"Ni mguu unahama. Anaendesha na mguu mmoja, wa kulia. Anatoa kwa mafuta, anapeleka kwa breki. Si ni dereva wa lori, wa kushoto wake umezoea klachi. Ukimwambia akanyage breki na huo mguu, atasimamisha gari kwa njia."

"Sasa alizoshinda."

Ngige alifungua la kwanza. Hakuna pengo. Kijani hakikufika chini kamwe. Kilipungua kidogo tu, na chekundu kikapanda polepole juu yake, vyote viwili kwa pamoja, hadi gari likazungusha pua na kutoka. La pili lilikuwa hivyo. La tatu na la nne pia. Kisha Wamboi akaomba la Jumapili, na Ngige, bila kuambiwa, akafungua na video ya mbio zenyewe.

Mizunguko kumi na miwili kabla ya mwisho ilipepea bendera ya manjano, ya tahadhari, magari yakapunguza mwendo na kupanga foleni. Nambari kumi na saba, gari la Festus, lilikuwa la nne. Wenzake walikuwa wamezimaliza tairi zao za mbele za kulia, na kila walipoingia kona magari yao yalivutwa kuelekea ukutani. Kumi na saba halikuvutwa. Lilikuwa limetunza tairi zake tangu mwanzo kama mtu anayejua njaa itakuja. Bendera ya kijani ilipopepea lilishika njia ya chini, ya ndani kabisa, likampita mmoja, akafuata wa pili, akafuata wa tatu, bila kumgusa yeyote. Ngige alisahau kukasirika.

"Huwezi kufunza mtu hiyo," alisema.

"Na mtu akishinda, mna desturi gani?"

"Mshindi anashukuru kwa maiki. Anatoa ushuhuda tu, kama kanisani."

"Festus alisema nini Jumapili?"

Ngige alisimamisha video. "Maiki yake ilikuwa imeharibika. Aliandika."

"Na zile mara nne?"

Ngige alirudisha macho kwenye kioo.

"Ngige."

"Iliharibika pia."

"Na alipokuwa wa sita?"

"Hapo alipiga kelele mpaka tukamzima."

Wamboi aliegemea. Hivyo Festus alishinda mara tano akiwa hana sauti, na kila aliposhindwa sauti ilirudi. Watu kumi na mmoja walikuwa wamelisikia hilo msimu mzima wakacheka, mpaka Ngari peke yake akalikalia na kulifikiria.

"Mwanzoni pia huwa mnaomba," alisema. "Kila mtu na zamu yake. Nimeiona katika taarifa yako. Jumapili ilikuwa zamu ya nani?"

"Ya Festus." Ngige hakutaka kucheka lakini mdomo ulimponyoka. "Aliandika sala. Hatujawahi kuona. Tulisema Mungu leo anasoma meseji."

Sala hiyo ilikuwa bado kwenye kumbukumbu za kompyuta. Wamboi aliisoma mara mbili, akaichapisha, akaikunja na kuitia kwenye faili.

"Chukua hiyo kompyuta," alimwambia Ngige. "Unakuja na sisi Bungoma."

"Mimi? Siendi mahali. Festus atanionaje?"

"Kama mtu aliyempigia simu Jumamosi."

Walipita Kimilili, na Wamboi akaagiza wakate kuelekea Lugulu. Katika taarifa yake Festus alisema anaishi na dada yake, Fridah, fundi wa nguo, na kwamba Jumapili alasiri dada huyo hakuwa nyumbani. Alikwenda hospitali ya Lugulu kumwona mama yao, aliyelazwa miezi mitatu kwa mguu uliovunjika ukakataa kuunga. Hakuna polisi aliyekuwa amejisumbua kuuliza hapo.

Wodini palikuwa na kitabu cha wageni. Wamboi alikipitia amesimama, kidole kikishuka ukurasa baada ya ukurasa. Fridah Wanyonyi aliandikwa kila Jumapili, saa nane hadi saa kumi na moja, kwa mwandiko mdogo ulionyooka. Aliruka Jumapili tano tu. Wamboi alimwita Ngige amsomee tarehe ambazo Festus alishinda, na kila aliposoma, Wamboi aliweka alama ya penseli kwenye daftari lake. Alama zilikuwa tano. Ya mwisho ilikuwa Jumapili iliyopita.

Mama mwenyewe alikuwa macho. Wamboi alipojitambulisha, mama aligeukia ukuta.

"Kama ni ya Festus, mimi sina maneno," alisema. "Na huyo Fridah mwambieni nilikaa na kiu Jumapili yote. Hata chai sikuletewa."

Nyumba ya akina Wanyonyi ilikuwa Bungoma, nyuma ya soko, kanta imeegeshwa pembeni. Barazani mwanamke mfupi wa miaka kama thelathini alikuwa akishona sketi za shule kwa cherehani ya miguu. Miguu yake mitupu ilikanyaga kibao bila yeye kuitazama, mmoja mbele, mmoja nyuma, ikiongeza na kupunguza mwendo kwa kiasi kidogo sana. Wamboi alisimama akaiangalia hiyo miguu kuliko ilivyo adabu.

"Shikamoo, mama," Fridah alisema, na ikasikika kama tusi. "Mmekuja kumsumbua tena."

"Marahaba. Yuko?"

Festus alitokea mlangoni akiwa ameinamisha kichwa kidogo, maana alikuwa mrefu kuliko fremu. Alimwona Ngige nyuma ya polisi akatabasamu vibaya.

"Niaje, Ngige. Siku hizi umekuwa karao?"

Ngige alitazama viatu vyake.

"Nataka kuona unapoendeshea," Wamboi alisema.

"Mlishaona."

"Mimi sijaona."

Ilikuwa chumba cha nyuma. Kiti cha kanta ya zamani kilikuwa kimeungwa kwenye fremu ya chuma na fundi wa kuchomelea, usukani mbele, pedali tatu chini, kioo kikubwa ukutani. Chini ya kiti fremu ilikuwa na mstari wa matundu ya bolti, ili kiti kisogezwe mbele au nyuma. Ukutani upande mwingine kulikuwa na meza ya kukatia vitambaa na marobota ya kitambaa cha buluu.

"Hapa nani mwingine hukaa?" Wamboi aliuliza.

"Hakuna mtu."

"Dada yako?"

"Huyu?" Festus alicheka. "Ata kufagia hapo nimemkataza. Hii kitu haiguswi, bana."

"Kwa hivyo wa mwisho kukaa hapa ni wewe, Jumapili saa kumi na moja."

"Ni mimi. Na tangu siku hiyo haijaguswa. Mnataka niape?"

"Hapana. Nataka uniendeshee mizunguko kumi. Ngige ataweka uwanja ule ule."

"Kwani nimekuwa wa sinema?"

"Watu wanasema wewe ni hatari. Nataka kuona."

Sifa ilimwingia. Alikaribia kiti, akasimama, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye rafu, ukachukua spana. Aliinama akafungua bolti mbili, akasukuma kiti nyuma matundu manne, akakaza. Alipoinuka alikuta Wamboi akimtazama, na Koplo Kiarie akimtazama, na Ngige akimtazama. Spana ilikuwa bado mkononi.

"Endelea," Wamboi alisema kwa upole. "Kaa."

Festus alikaa. Kusimama sasa kungekuwa kubaya zaidi. Ngige aliweka kompyuta yake magotini, mistari miwili ikaanza kuchoreka. Kijani chini. Pengo. Chekundu. Mguu wa kushoto wa Festus ulikaa pembeni muda wote bila kazi. Alikuwa dereva wa kawaida, mwenye nguvu nyingi na haraka nyingi, na kufikia mzunguko wa saba tairi zilikuwa zimemkataa.

"Tairi ni baridi," alisema. "Jumapili niliwanyoa wote. Mizunguko ya mwisho niliwapita watatu kwa nje, mmoja baada ya mwingine. Ngige si ulikuwa?"

Ngige aliinua uso kutoka kwa mistari. Kule barazani, cherehani ilisimama.

"Kwa nje," Wamboi alirudia.

"Kwa nje. Karibu na ukuta. Ni roho tu."

"Inatosha, Festus. Nenda na Koplo ukakae kwa gari. Hujashikwa. Bado."

"Siendi."

"Ukikataa ndio utashikwa."

Alipopita barazani alimwambia dada yake maneno machache ya Kibukusu, kwa haraka, bila kusimama. Wamboi hakuhitaji mkalimani. Kiarie alimshika kiwiko wakaenda.

Fridah hakurudia kushona. Wamboi alivuta kigoda akakaa mbele yake, Ngige akabaki mlangoni na kompyuta yake.

"Sina maneno," Fridah alisema.

"Sawa. Nitaongea mimi. Jumapili tano hukwenda Lugulu. Jumapili hizo tano, kaka yako alishinda, na kila mara maiki iliharibika. Yeye anaendesha kwa mguu mmoja. Aliyeshinda huendesha kwa miwili. Yeye akitaka kukaa kwa hicho kiti anakirudisha nyuma matundu manne, na ameniambia tangu Jumapili hakijaguswa."

"Hiyo ni mambo ya gemu. Gemu si kuua mtu."

"Ngari aliligundua hilo. Jumamosi. Na Festus aliambiwa kwamba Ngari amegundua."

Macho ya Fridah yalimwendea Ngige, na Ngige akarudi hatua moja ndani.

"Mnajua nyinyi watu wa Kitale mnatuonaje?" Fridah alisema. "Mkikosa mtu wa kushika, mnapanda gari mnakuja huku."

"Tumeshamshika mtu. Anaitwa Kiplagat. Alimkuta Ngari anavuja damu akambeba, na kesho saa tatu anasomewa mauaji kwa sababu ya hiyo damu. Mke wake amelala kwa benchi siku tatu."

"Huyo si ndugu yangu."

"Hapana. Ndugu yako ni yule kwa gari. Yule atakayepelekwa Afrika Kusini kuendesha gari halisi, mbele ya wazungu, kwa jina lake na picha yake, kwa sababu anajua kupita watu watatu kwa nje."

Fridah alishika kitambaa cha sketi kwa vidole viwili, akakinyoosha, akakinyoosha tena.

"Alikuambia ana mzigo?" Wamboi aliuliza.

Fridah aliachilia kitambaa.

"Alikuacha na simu yake na usukani wake, akakuambia ana mzigo. Nafikiri hukujua. Nafikiri ulijua jana, uliposikia Ngari amekufa, na tangu jana hujala."

"Kwa ndani," Fridah alisema.

"Nini?"

"Niliwapita kwa ndani. Wote watatu." Sauti yake ilikuwa ya hasira, na machozi yalikuwa ya hasira pia. "Huko nje ukienda na tairi za zamani unakufa. Mtu yeyote anajua. Miezi hii yote ananiangalia naendesha na hata hiyo hajaona."

Ngige alipumua mlangoni kama mtu aliyekuwa amebeba gunia.

Wamboi hakumpa nafasi ya kujutia. Alimwomba aonyeshe. Fridah aliingia chumbani, akafungua bolti, akarudisha kiti matundu manne mbele, akavuta kutoka chini ya meza mto alioushona kwa mabaki ya vitenge, akaketi. Mizunguko mitano ilitosha. Ngige aliweka mistari yake kando ya ile ya Jumapili na hakukuwa na haja ya kueleza.

"Ni huyu," alisema. Kisha, kwa aibu: "Ngari alisema ni mtu mkali kuliko sisi wote. Alitaka tu ajulikane ni nani. Aliniambia hivyo, na mimi nikampigia Festus."

Wamboi alifungua daftari la taarifa juu ya meza ya kukatia.

"Jina?"

"Fridah Wanyonyi."

"Kazi?"

"Fundi wa nguo." Aliangalia kalamu. "Na dereva. Andika hiyo pia. Dereva."

Wamboi aliandika. Aliandika saa ambayo Festus aliondoka na kanta, saa nane na robo. Aliandika kwamba alimwachia simu na kumwagiza asiongee kwa maiki, kama siku zote. Festus alikuwa amesahau kitu kimoja tu, kwamba ilikuwa zamu yake kuomba, na katika ligi ile mbio hazikuanza bila sala. Wamboi alitoa karatasi aliyoikunja Kitale, akaifungua mbele ya Fridah.

*Baba, tunakushukuru kwa siku hii. Bariki mikono yetu na macho yetu. Mkumbuke Mama kitandani Lugulu. Walio njiani saa hii uwalinde, uwarudishe nyumbani salama. Amina.*

"Hii ni yako?"

"Ni yangu. Walikuwa wananingojea. Nilishindwa kuandika amina peke yake."

"Aliye njiani alikuwa nani?"

Fridah aliisoma sala yake hadi mwisho, midomo ikienda bila sauti. Nje Festus alikuwa ameanza kumwita kwa jina kutoka garini, mara ya kwanza kwa ukali, mara ya pili kama mtu anayeomba maji.

"Nilimwombea arudi salama," alisema. "Na alirudi salama. Saa kumi na mbili na nusu, amebeba kitu kwa gunia. Sijafungua. Liko hapo chini, nyuma ya marobota."

Wamboi alimpa kalamu atie sahihi.